Zimwi Lina Sura ya Nani? Kusoma Viumbe vya Kutisha vya Ufilipino

Kurasa za namna hii kwa kawaida zinazungumzia mila zetu wenyewe. Leo naomba tutoke kidogo, tufike mpaka Ufilipino, inchi ya visiwa zaidi ya 7,000 huko Asia. Sababu ni hii: jicho halijioni. Tukianza kuzungumza juu ya walozi na mazimwi ya kwetu, tunaingia haraka mu woga ao mu mabishano. Mmoja anasema «ni kweli, jirani yangu aliona», mwingine anajibu «ni ujinga wa watu wa zamani», na mazungumzo yanaishia hapo. Hadithi za mbali hazitushiki namna hiyo. Tunaweza kuzitazama kwa utulivu, kisha kurudi nyumbani na jicho lililopata mazoezi.

Tena historia ya Ufilipino haiko mbali sana na yetu. Inchi hiyo ilitawaliwa na Wahispania tangu 1565 mpaka 1898, kisha Wamarekani wakaichukua mpaka 1946. Ilipokea dini ya Kikatoliki kutoka mikononi mwa wamisionere, na leo njo inchi yenye Wakatoliki wengi kupita zote za Asia. Wazee wao waliambiwa, sawa vile wazee wetu walivyoambiwa, kwamba mambo yao ya zamani yote ni ya shetani. Lakini hadithi hazikufa. Zilibadilisha nguo tu.

Neno ninalotaka kusema ni moja: mara nyingi zimwi ni mtu aliyevikwa sura. Msomaji anayejua kazi yake anauliza ni nani aliyevikwa, na nani alipata faida.

Aswang na ndugu zake

Kiumbe ambacho Wafilipino wanaogopa kuliko vyote kinaitwa aswang. Muulize mtu mmoja aswang ni nini, atakwambia ni mtu anayenyonya damu. Wa pili atasema ni mtu anayegeuka mbwa usiku. Wa tatu atasema ni mla maiti. Hakuna anayekosea. Profesa Maximo Ramos, aliyetoa mwaka 1971 vitabu viwili juu ya viumbe hivi, alitambua aina tano ndani ya jina hilo moja: mnyonya damu, mnyonya matumbo, mtu-mbwa mla watu, mchawi wa kijicho na kisasi, na mla maiti. Ni kazi kubwa. Bila yeye tungebaki na fujo la hadithi zisizo na mlango wa kuingilia.

Anayejulikana zaidi ni yule mnyonya matumbo, manananggal. Jina lake linatoka kwa neno tanggal, maana yake kubandua, kutenganisha. Mchana ni mwanamke kama wengine, mara nyingi mzuri wa sura. Usiku mwili wake unakatika kiunoni. Nusu ya juu inaota mabawa kama ya popo na kuruka. Nusu ya chini inabaki imesimama mahali pa giza. Anatua juu ya nyumba ya mama mwenye mimba, anateremsha ulimi mrefu, mwembamba sawa uzi, kupitia majani ya paa, na kunyonya mtoto ndani ya tumbo. Mtu akigundua ile nusu ya chini, anaitia chumvi, jivu ao kitunguu saumu. Jua likipanda, yule wa juu hawezi kujiunga tena, na anakufa.

Kuko pia sauti yake. Wengine wanaiita tiktik, wengine wakwak, kufuata vile inavyosikika. Ikisikika kwa nguvu, wanasema kiumbe kiko mbali. Ikififia, kimekwisha kufika. Mtunzi wa hadithi hiyo, yeyote aliyekuwa, alijua kutisha watu: aligeuza akili ya kawaida, kimya kikawa njo hatari. Tena fasi nyingine wanasema kwamba aswang hamli jirani yake. Sisi Waswahili tuko na methali ya zimwi likujualo, halikuli likakwisha. Wafilipino wangetuelewa bila mkalimani.

Sasa tazama hadithi ya manananggal inakaa wapi. Inakaa mu nyumba ya mama anayengoja kuzaa, usiku, kijijini, mahali pasipo munganga karibu. Mimba ikitoka, watu wanatafuta sababu. Hadithi inawapa sababu, na punde si punde inawapa na mtu: yule mwanamke anayeishi peke yake, yule bibi asiyesalimia. Hapo hadithi inatoka mdomoni na kuingia mtaani.

Njo maana, pamoja na heshima yote kwa Profesa Ramos, naona kupanga viumbe kwa aina, sawa vile mtu wa sayansi anavyopanga vipepeo, hakutoshi. Orodha inatufundisha kiumbe kinakula nini na kinafukuzwa kwa dawa gani. Swali la nani aliitwa kwa jina hilo linabaki bila jibu. Kwa kulijibu, turudi nyuma zaidi.

Orodha ya Padri Plasencia

Moja la maandiko ya zamani yanayotaja aswang ni la mwaka 1589. Liliandikwa na Padri Juan de Plasencia, Mfransisko wa Hispania, aliyeeleza desturi za Watagalog, watu wa pande za Manila. Anataja aina kumi na mbili za watu anaowaita makuhani wa shetani. Wa kwanza ni catalonan, aliyetoa sadaka na kusimamia ibada. Padri mwenyewe anakubali kwamba kazi hiyo ilikuwa na heshima. Halafu wanafuata wengine: anayeroga, anayetengeneza dawa ya mapenzi, mwaguzi, hata mwanaume mwenye tabia za kike. Ndani ya orodha hiyo hiyo wanakaa magtatangal, anayetembea usiku bila kichwa wala matumbo, na osuang, anayeruka na kula nyama ya watu.

Mambo mawili yanashangaza. La kwanza, padri anaandika kwamba osuang wako kwa Wabisaya, watu wa visiwa vya katikati, na kwa Watagalog hawako. Na waliomweleza ni nani? Ni Watagalog. Basi tangu 1589 zimwi linaishi kwa jirani! Mpaka leo watu wa Manila wanasema kwamba kwao aswang ni maarufu Capiz, jimbo la kisiwa cha Panay, huko kwa Wabisaya. Kwetu pia kijiji cha walozi daima ni kile cha ng'ambo ya mto.

La pili ni zito zaidi. Mtu wa ibada na mla watu wamefungwa mu kitita kimoja. Kati ya Wabisaya, mtu wa ibada aliitwa babaylan, na mara nyingi alikuwa mwanamke. Alizungumza na roho za mababu, alitibu wagonjwa, alijua majani. Wahispania walipokuja walimwita mchawi. Waandishi kadhaa wa leo wanakwenda mbali zaidi, wanasema kwamba Wahispania njo walitunga aswang ili kuharibu jina la babaylan. Mimi siwafuati mpaka hapo. Andiko lenyewe linakataa: juu ya magtatangal, padri anasema anaona ni hadithi tu, ila wenyeji wanasisitiza kwamba wameona kwa macho. Woga ulikuwa wa wenyeji. Kitita kilikuwa cha padri. Hakuumba zimwi, lakini alipanua nyumba yake mpaka mganga naye akapata kulala humo.

Tofauti hiyo si ndogo. Mwenye kusema «Wazungu walitunga kila kitu» anawanyima wenyeji hata woga wao, na anawatoa mu historia yao wenyewe. Mwenye kusema «ni mila safi ya mababu» anasahau ile kalamu ya 1589. Lazima tushike pande zote mbili.

Kapre, zimwi linalotuhusu

Hapa msomaji wa Afrika akae vizuri mu kiti. Kuko kiumbe kingine kinaitwa kapre. Ni jitu jeusi, refu, lenye manyoya, linalokaa juu ya miti mikubwa na kuvuta sigara nene usiku. Ukiona cheche ya moto juu ya mti wa balete ao wa mwembe, wanasema kapre anavuta. Kwa kawaida hali watu. Anachezea wasafiri mpaka wanapotea hata mu msitu wanaoujua, na akipenda mwanamke anaweza kumfuata maisha yake yote.

Jina hilo linatoka wapi? Linatoka kwa neno la Kihispania cafre. Na cafre linatoka kwa Kiarabu kafir, lile lile tunalotamka sisi kafiri. Wareno na Wahispania walilichukua na kulitumia kwa watu weusi wa Afrika. Katika karne ya 16 na ya 17, Wareno walisafirisha watumwa kutoka pande za Msumbiji, kupitia bandari zao za Asia, na baadhi yao walifikishwa Manila. Fikiria safari ya neno moja: linaanza mdomoni mwa Mwarabu, linapita pwani ya Afrika ya Mashariki, linapanda meli ya Mreno, linaishia juu ya mti huko Ufilipino, na sigara mdomoni.

Hata sigara yenyewe iko na tarehe. Tumbaku ilitoka Amerika, kwa merikebu zilizosafiri kati ya Acapulco ya Meksiko na Manila tangu 1565 mpaka 1815. Mwaka 1782 serikali ya kikoloni ilifanya tumbaku kuwa biashara yake peke yake, na ililazimisha wakulima wa majimbo fulani kuilima. Kwa hiyo jitu hili, ambalo watu wanalitaja kama kiumbe cha zamani za zamani, liko na jina la enzi ya meli na mdomo wa enzi ya meli. Pengine roho ya mti ilikuwako mbele. Wafilipino walikuwa na roho nyingi za miti na za vichuguu. Lakini nguo ambayo roho hiyo ilivaa ni ya ukoloni.

Mimi nasoma hivi: katika kapre kuko kivuli cha mtu mweusi aliyeletwa kwa nguvu, ambaye hakuna aliyejua kijiji chake wala jina alilopewa na mama yake. Watu walimwona wa ajabu, wakamwogopa, kisha wakamwacha juu ya mti. Akapoteza jina lake, akabaki na tusi la bwana wake. Tunaposoma hadithi hiyo na kucheka juu ya jitu la sigara, tukumbuke: yule aliye juu ya mti ni ndugu yetu.

Zimwi mikononi mwa askari

Kama mtu anafikiri kwamba mambo haya ni ya kuchekesha watoto, asome historia ya miaka ya 1950. Wakulima wa Luzon ya katikati, wanaoitwa Wahuk, walioanza kama jeshi la kupinga Wajapani mwaka 1942, walikuwa wanapigana na serikali. Afisa wa Marekani, Edward Lansdale, aliyefanya kazi na shirika la upelelezi CIA, alikuwa mshauri wa upande wa serikali. Yeye mwenyewe alisimulia jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1972.

Kikosi kimoja cha serikali kilishindwa kuondoa Wahuk juu ya kilima. Basi kikaeneza uvumi mu mji wa karibu kwamba aswang anaishi pale. Baada ya siku kidogo, askari walijificha njiani usiku, wakakamata mtu wa mwisho wa mstari wa Wahuk, wakamtoboa matundu mawili shingoni, wakamning'iniza kwa miguu mpaka damu ikaisha, wakarudisha maiti njiani. Wenzake walipomkuta hivyo, kwa maneno ya Lansdale mwenyewe, walihama kilima.

Mengi yamesemwa juu ya ukatili huo, na ni haki. Mimi naongeza jambo la msomaji. Matundu mawili shingoni yanafanana na meno ya Dracula wa filimu za Wazungu kuliko na ule ulimi mwembamba wa manananggal. Waliodai kutumia mila ya wenyeji walichanganya na yao. Walihitaji woga tu. Ukweli wa hadithi haukuwa na bei kwao. Aliyekufa alikuwa na jina, lakini mu hadithi ya Lansdale hana. Tena tunaona: zimwi lilipata umaarufu, mtu akapotea.

Capiz, jimbo lenye sifa mbaya

Turudi Capiz. Mu pande zile kuko ugonjwa unaoitwa lubag, maana yake kujipinda. Daktari Lillian Lee na wenzake waliueleza mwaka 1976. Unaanza mtu akiwa mzima, mara nyingi akikaribia miaka arobaini: mwili unajipinda wenyewe, shingo inageuka, mdomo unafunguka, ulimi unatoka. Ni ugonjwa wa kurithi, na wagonjwa wengi ni watu wenye asili ya Panay, hasa Capiz. Kuko watu waliosema: basi tumepata aswang! Waliomwona mgonjwa gizani walidhani ni zimwi.

Ni maelezo mazuri, na yanasaidia kuwahurumia wagonjwa. Lakini mwalimu hapaswi kukubali jibu kwa sababu ni zuri tu. Lubag unashika hasa wanaume. Hadithi inashika hasa wanawake. Ni kweli kwamba mama njo anapitisha ugonjwa kwa mtoto wake wa kiume, yeye mwenyewe akibaki mzima, na watu wangeweza kuona kwamba balaa linafuata ukoo wa mama fulani. Hata hivyo orodha ya 1589 ilikwisha kumtaja osuang kwa Wabisaya wote, pasipo kumwonyesha mtu aliyejipinda. Ugonjwa unaweza kuongeza kuni, ila moto ulikuwa umekwisha kuwaka.

Kuanzia 2004, mu mji wa Roxas, makao makuu ya Capiz, watu walijaribu kugeuza ile sifa mbaya kuwa sikukuu ya aswang, na mavazi na maandamano, ili wageni waje. Viongozi wa Kanisa walipinga, na sikukuu haikudumu. Naelewa pande zote mbili. Kucheka ni njia ya kujitetea. Lakini kabla ya kucheka inafaa kujua anachekwa nani.

Babaylan anarudi

Mwisho wa safari kuko habari njema kidogo. Mwaka 2005 Wafilipino wawili, Budjette Tan kwa maneno na Kajo Baldisimo kwa picha, walianzisha hadithi za michoro zinazoitwa Trese. Mwaka 2021 zilifanywa filimu za katuni na kuonyeshwa dunia mzima. Manila ya leo, pamoja na magari yake na polisi wake, imejaa aswang, kapre na tikbalang, yule mwenye kichwa cha farasi anayepoteza wasafiri. Na mwenye kusimama kati ya watu na viumbe ni msichana, Alexandra Trese, ambaye ni babaylan na mpiganaji. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mapatano ya zamani yanaheshimiwa pande zote.

Kuko mapigano mengi mule, pengine kupita kiasi, na damu nyingi kwa vijana wadogo. Lakini tazama alichofanya mtunzi. Mama wa ibada, aliyefungwa mu kitita kimoja na mla watu mwaka 1589, ametolewa. Sasa njo yeye anaamua. Mpangilio wa Padri Plasencia umepinduliwa, na umepinduliwa na watu wa inchi yenyewe, kwa kalamu yao.

Na sisi?

Wakusanyaji wa hadithi zetu, na walimu wanaozifundisha, wanaweza kubeba nyumbani maswali mawili. Mu hadithi hii, ni nani aliyewekwa mahali pa zimwi? Na nani alikuwa na kalamu, ao bunduki, wakati alipowekwa pale?

Kwetu pia mufumu na mulozi walitiwa mu gunia moja. Wazee walijua tofauti: wa kwanza anatibu, wa pili anaharibu. Katekisimu za zamani hazikuwa na nafasi ya tofauti hiyo, na leo manabii wengi wa vyumba vya maombi hawana hata haja nayo. Matokeo tunayajua. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza na kuadhibu kumshitaki mtoto ulozi, lakini bado watoto wanafukuzwa nyumbani. Mwaka 2021, mu Kivu ya Kusini, wanawake kadhaa walioitwa walozi waliuawa na makundi ya watu, wengine kwa moto. Hakuna aliyewaona wakiruka. Walikuwa wazee, wajane, watu wa peke yao: wale wale ambao hadithi ilikuwa imekwisha kuwaandalia mahali.

Kuko watakaosema: basi tuache hadithi hizo, tusizifundishe tena. Hapana. Hadithi isiyosomwa darasani itasimuliwa tu barabarani, na barabarani hakuna anayeuliza maswali. Wafilipino wakipita karibu na kichuguu wanasema «tabi-tabi po», maana yake samahani, naomba njia, ili wasimkanyage nuno, yule mzee mdogo anayeishi ndani. Naipenda sana adabu hiyo. Inamtambua asiyeonekana kama mtu mwenye nyumba yake, anayestahili hodi. Kama tunaweza kumheshimu hivyo mzee wa kichuguu, basi tuanze na yule bibi wa mwisho wa barabara. Tumsalimie kwa jina lake.